Maji ya Kwanza ya Isogi

Ilikuwa siku ya tatu ya kilio cha Shangazi Feza, pale mwanamke mmoja mzee alipoingia katika parsela, uwanja wa nyumba yake, akiwa amebeba sufuria iliyofungwa kwa kitenge. Nilikuwa nimekaa karibu na ukuta, mahali ambapo naona mlango na jikoni kwa pamoja. Ndivyo ninavyokaa popote, hata kanisani, na wanangu wamechoka kunicheka. Wanawake walikuwa wanapakua. Bugali ilipita, maharage yalipita, ndagala, dagaa wetu wa ziwani, zilipita. Sufuria ya yule mzee ilikaa mezani na hakuna aliyeigusa. Hawakumjua, na huku kwetu chakula cha mtu usiyemjua unakipokea kwa mikono miwili, unashukuru, kisha unakiacha kipoe. Yeye hakukasirika. Alifungua kitenge, akachota kijiko kimoja, akakila amesimama wima mbele ya watu wote, akafuta kijiko na kukirudisha pale pale. Kisha akaketi kungoja. Nilimtambua kwa ile namna ya kushika kijiko kabla sijamtambua kwa sura. Alikuwa Mama Spesioza wa Runingu. Na wazo langu la kwanza, naliandika kama lilivyokuja, lilikuwa hili: huyu mama amekuja kunisema.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa mwaka ule ninaousimulia. Binti yangu wa kwanza ana umri huo sasa. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nikapelekwa Nyamianda, mtaa wa Uvira, kwa Shangazi ili nijifunze kushona kwa mashini na kumsaidia kazi za nyumba. Nani alinipeleka na kwa nini, si habari ya hapa. Inatosha kujua kwamba nyumba ile ndiyo nyumba pekee niliyokuwa nayo, na mimi nililijua hilo kila asubuhi nilipoamka. Kulikuwa na vyumba viwili na salon ya kupokelea wageni, nayo ilikuwa na viti vyenye vitambaa vya kufuma ambavyo mtu hakutakiwa kuviegemea. Jikoni ilishikana na salon kwa ukuta wa mbao. Mbao zilikuwa zimekauka na kuachana, kwa hiyo moshi wa mbabula yangu, jiko la makaa, uliingia kwa wageni na maneno ya wageni yaliingia kwangu. Nilijifunza mengi katika jikoni ile, na kupika ni sehemu ndogo tu.

Shangazi na nyumba nyingine tano za avenyu yetu walikuwa na mapatano na Mama Spesioza. Kabla ya kupanda walimpa pesa, naye kwa pesa hizo alikodi shamba kando ya mfereji kule Runingu, bondeni, na kununua mbegu. Kisha kila Jumamosi alishuka mjini na vitunga sita, kila nyumba kitunga chake, na ndani yake kile ambacho shamba lilikuwa limetoa wiki hiyo. Huchagui. Shamba likitoa lengalenga, ule mchicha wetu, unakula lengalenga, likitoa maboga unakula maboga pamoja na majani yake na maua yake. Tuliita abonema, neno tuliloazima kwa watu wa maji ya bomba, ila tofauti ni kwamba mboga zilifika. "Minye nalima, weye unakula," Mama Spesioza alipenda kusema mlangoni huku akitua kitunga. "Shamba ikitoa, tutacheka. Ikikatala, tutalia pamoja." Shangazi alimjibu kwa heshima, na mara tu mgongo wa yule mama ulipogeuka, akaanza kazi yake ya Jumamosi, yaani kutafuta alivyoibiwa.

Alimwaga kitunga chote juu ya mkeka, akapindua kila fungu, akanusa, akapima kitunguu kwa kiganja. Halafu alinituma kwa Mama Pasta, mke wa mchungaji, jirani wetu wa ukuta kwa ukuta, eti niombe chumvi. "Angalia mu kitunga yake," aliniambia. "Uhesabu bilinganya. Usiangalie kama muntu anahesabu." Nilikwenda, nikaomba chumvi, nikahesabu. Mama Pasta hakushangaa, maana naye wiki iliyotangulia alikuja kwetu kuomba kiberiti akiwa ameshika chake mkononi. Mama Spesioza alisemeshana kwa Kirundi na mtu wake kwenye simu, akicheka, na Shangazi asiyejua Kirundi hata neno moja alinitafsiria kila kitu: wanatusema, wanasema tumekula mbovu tukasema asante. Nilimwamini. Mtu akiishi ndani ya nyumba yenye shaka, shaka inamuingia kama moshi, na mwishoni hajui tena kama nguo zake zinanuka.

Lakini mboga zenyewe, Mungu wangu, zilikuwa nzuri. Mvua za kwanza zilileta lengalenga laini ambazo ziliiva kabla bugali haijageuzwa. Baadaye zikaja bilinganya, wiki tatu mfululizo, hadi nikaanza kuziota. Nikajifunza kuzikata nyembamba, kuzitia chumvi ziache maji, kuzikaanga kwa mawese na kuzilaza juu ya ndagala kavu, na Shangazi ambaye hakusifu kitu alikula bila kusema, akaongeza sahani. Mahindi mabichi, maharage ya ganda, majani ya maboga yenye vinyweleo ambayo lazima uyamenye uzi mmoja mmoja ukiwa umekaa kwenye kigoda. Yule mama alinipa maelekezo mlangoni, haraka haraka, nami niliyashika. Nilikuwa msichana ambaye hakuna aliyemngojea popote, na kila Jumamosi shamba lilinipa kazi mpya ya kufanya vizuri. Nilimpenda Mama Spesioza kwa hilo. Sikumwambia, kwa kuwa nyumbani kwetu mtu alipekuliwa kwanza ndipo akasifiwa.

Sasa lazima nieleze desturi ya kuonja, ingawa mtu wa Uvira haihitaji. Anayekupa chupa hunywa kwanza. Anayekupikia hula kwanza, mbele ya macho yako. Hatutaji sababu, na sumu kwa jina lake hatuitaji kabisa, tunasema "ile kitu". Kwa watu wengi ni adabu tu, kama kunawa mikono. Kwa Shangazi ilikuwa sheria. Nikileta sahani mezani nilisimama, nikachota, nikameza, nikasema "iko muzuri", ndipo yeye akavuta kiti. Miezi ya mwanzo niliona fahari, nikadhani ananiheshimu kama mpishi.

Mvua za pili zilipoanza, bomba zilijaa tope kutoka mlimani na maji yakakatwa siku nne. Jumamosi hiyo kitunga kilikuja na majani nisiyoyajua, yenye mashina ya zambarau na harufu kali. "Hii iko isogi," Mama Spesioza alisema. "Sikuipanda, inajiotea yenyewe mvua ikigusa udongo. Uchemshe, mayi ya kwanza umwange. Utie ingine, uchemshe, umwange tena. Mara mbili, unasikia, mwana wanje? Kisha njo utie karanga." Nikamwambia "ego, mama", yaani ndiyo, akacheka kwa sababu nilijaribu Kirundi chake, akainua vitunga vyake akaendelea na njia.

Jikoni kulikuwa na bidoni moja ya maji, na Shangazi alikuwa amekwisha kuiwekea macho kwa ajili ya kuoga, maana kesho yake alikuwa anaimba kanisani. Kumwaga mara mbili kulikuwa na maana ya kushuka ziwani mara mbili na kupanda na bidoni mgongoni, matope hadi kwenye vifundo vya miguu, na Mama Pasta alikuwa amealikwa chakula cha mchana. Nikakumbuka somo la shule kwamba nguvu ya mboga iko kwenye maji yake. Mtu mvivu hakosi somo la kukumbuka. Nikaipika isogi ndani ya maji yake ya kwanza hadi yakakauka yote, nikatia karanga nyingi, nikatia mawese, nikaonja. Ilikuwa chungu kama kinini. Nikaongeza chumvi. Ilikuwa chungu kama kinini yenye chumvi. Nikaibeba mezani hivyo hivyo, nikasimama mbele yao wawili, nikameza kijiko changu na uso umetulia, nikasema, "Iko muzuri."

Mama Pasta alitema katika leso. Shangazi hakuwa mtu wa kutupa chakula alicholipia, akala sahani nzima huku amekunja uso. Kabla jua halijaanza kuelekea mlimani, alikuwa amelala kwenye kiti cha salon ameshika tumbo, vile vitambaa vya kufuma vimeanguka chini, na mimi nimepiga magoti na beseni. Mama Pasta alisimama juu yetu. Hakuuliza chakula kimepikwaje. Aliuliza, "Nani alileta ile majani?" Kisha akajijibu mwenyewe: "Batu ba bonde. Minye nilisemaka." Nilijua wakati huo huo kilichotokea. Nilikuwa na sentensi fupi mdomoni, sikumwaga maji, na ingemaliza yote. Sikuisema. Shangazi akafumbua macho akasema, "Riziki, enda umwite ule mama. Hajatoka mu avenyu."

Nilimkuta nyumba ya mwisho, alipozoea kungoja jua lipungue, anafunga vitunga vitupu kwa kamba. Tulirudi pamoja kwa miguu, yeye akiniuliza kama isogi ilikubali, mimi nikitazama matope. Avenyu ile si ndefu, lakini ilitosha. Ningeweza kumwambia mbele ya kila lango tulilopita, na katika malango yote sikumwambia. Tulipoingia, salon ilikuwa imejaa. Nyumba zote sita za abonema zilikuwa zimefika, na sufuria yangu ilikuwa katikati ya meza, imefunikwa kwa sahani, Mama Pasta akiilinda kwa mkono. "Mama, kula," alisema. Mama Spesioza alitazama sufuria, akamtazama Shangazi kwenye kiti, akaelewa. Hakubisha. Alichota kijiko, akatia mdomoni. Taya lake likasimama kidogo tu, kama mtu aliyekanyaga kijiwe, na macho yake yakanitafuta mlangoni nilipokuwa, yakanipata. Kisha akaketi, akavuta sufuria, akala yote iliyobaki, kijiko kwa kijiko, sote tukimtazama. Alipomaliza alisema, "Iko muchungu kidogo. Isogi iko vile."

Mngedhani ingetosha. Lakini shaka haishibi. Alipotoka tu, Mama Pasta alisema wenye kazi ya ile kitu wanakunywaka dawa ya kuizuia mapema, ndiyo sababu amekula bila woga. Jumatatu Shangazi alikuwa mzima, anafokea wauza makaa barabarani, na hilo nalo halikuwa ushahidi wa kitu. Lilionyesha tu kwamba Mungu ni mwema. Jumanne nilikuwa jikoni nachambua maharage nikasikia, kupitia mbao, sauti ya Mama Pasta ikishuka. "Na ule mutoto? Si njo yeye alipika? Weye unalala mu nyumba moja na ye." Mikono yangu ilisimama ndani ya ungo. Msichana akishatajwa kuwa na ile kitu hana pa kwenda. Hata wakwe wa kesho watasikia, hata wanawe wataulizwa. Nikasikia kikombe cha Shangazi kikitua mezani. "Ule iko damu yangu," alisema. "Usirudilie ile maneno hapa." Nililia bila sauti. Nilikuwa nimepona, na nilijua mahali ambapo hatari ilikuwa imeangukia badala yangu.

Nyumba tano zilijitoa. Shangazi peke yake alibaki, akisema kwamba amelipa na hawezi kuachia mboga zake shambani. Jumamosi zilizofuata, Mama Spesioza alishuka na kitunga kimoja. Alikitua mlangoni, na kabla ya kusalimu akavunja ncha ya kila kitu, ya karoti, ya bilinganya, ya kitunguu kibichi, akatafuna mbele yetu na kumeza. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo. Isogi hakuileta tena. Na mimi, nikishapika, sikula tena nikiwa nimesimama mezani. Shangazi aliniwekea kiti kwenye mlango wa mbele, unaotazama avenyu, akanipa sahani nzima nile peke yangu. Yeye alikaa ndani na chakula chake kikipoa, akinitazama saa nzima. Wapita njia waliniona. Mama Pasta aliniona kutoka dirishani kwake. Nilichukia kiti kile kuliko kitu chochote duniani. Nilijiona kama paka anayerushiwa kipande cha kwanza. Ni juzi tu, nikiwa nafua nguo za marehemu, nilipofikiri kwamba mtu anayejikinga na mpishi wake angenilisha jikoni, kwa siri, na kwamba kiti kile pengine kiliwekwa pale makusudi avenyu yote inione nikila, na kesho yake ione nimeamka mzima. Sijui. Sikumuuliza alipokuwa hai, na hadi leo sijui kama alikuwa anajikinga nami au ananikinga mimi.

Kiangazi kilipofika, mwenye shamba alimpa mtu mwingine ile sehemu ya kando ya mfereji. Mama Spesioza alitueleza mlangoni bila kulalamika: kitunga kimoja hakikodi shamba. Atarudi kulima kilimani, kwenye mawe, mihogo tu. Kitunga cha mwisho kilikuwa na vitunguu na kabichi moja iliyoliwa na wadudu. Alivunja jani la kabichi, akatafuna, akameza. Shangazi aliingia ndani kuleta kitu cha kumpa, na kwa muda huo tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, na ile sentensi yangu fupi. Nilisema "urakoze, mama". Asante. Hicho ndicho nilichopata kusema. Nimeolewa, nimezaa, nimekuwa na meza yangu ya kushona sokoni, na sijawahi kula kitu bila kukinusa mara mbili, wala kuamini mtu anayenitazama akiwa kimya. Watu husema Riziki ana roho ngumu. Ukweli ni kwamba aliyewahi kuacha mwingine abebe kosa lake anawaona watu wote wakiwa na uwezo huo huo.

Kwa hiyo nilipomwona pale kwenye kilio, sufuria yake imekaa bila mtu, nilihesabu nani yupo. Mama Pasta, mzee sasa, amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na pale jeneza lilipokuwa. Wakwe zangu. Binti yangu anapitisha sahani. Nilifikiri, amechagua siku vizuri. Niliinuka kabla hajaanza, nikamwendea, nikajikunja chini kando yake kwenye mkeka. Alinyoosha mkono akanigusa shavu kama mtu anayepima homa. "Riziki," alisema. "Umenona." Nikamjibu kwa sauti ndogo kuliko niliyokusudia. "Mama, ile siku ya isogi. Minye njo nilikosa. Sikumwanga mayi."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ile kijiko ya kwanza. Miaka yote napika isogi, nisijue mayi ya kwanza?"

Nikamwuliza sababu gani hakusema, alikuwa na watu wote mbele yake, neno moja tu na shamba lake lingebaki. Alijibu polepole, labda akitafuta maneno kwa Kiswahili. "Ningesema, wangekuuliza weye. Na ule mama pale hangeuliza juu ya mayi." Hakuonyesha kidole, lakini nilijua ni Mama Pasta. "Minye walinifukuza mu nyumba tano, nikarudi kwangu. Weye wangekufukuza mu nyumba moja. Na ulikuwa na moja tu."

Nililia pale, mbele ya watu, na wote wakadhani ninamlilia Shangazi. Naye nilikuwa ninamlilia. Nilipomaliza nilivuta sufuria yake, nikaifungua, na ile harufu kali ya isogi ikanipiga usoni. Wanawake waligeuka kututazama. Mama Spesioza alinyoosha mkono kuchukua kijiko, kwa ile tabia yake ya miaka yote, aonje kwanza. Nilikiwahi. Nisiseme uongo, hata mimi mkono wangu ulisita kidogo, kwa mazoea. Ulimi ukajikaza kungojea kinini. Nikala kijiko kimoja, nikala cha pili.

"Iko muchungu?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Nilimwanga mara mbili," alisema, na akanyoosha sahani yake nimpakulie.